Muguu wenye kuvimba na pumzi yenye kukatika: maneno tuliyosema katika mukutano



Wengi wetu tulirudi Kolwezi ndani ya bisi, kutoka Johannesburg kupita Zambia mpaka Kasumbalesa, bila kunyoosha miguu. Damu yenye haitembei muguuni inaweza kuganda. Bonge linapanda, linapita moyoni, linaziba njia ya damu katika mapafu. Mutu anakosa pumzi gafula, kifua kinamuchoma akivuta hewa. Huku kwetu tunasema mbio: ni vumbi ya mashimo, ao ni kifua kikuu. Siku zinapita, na mutu anaweza kutupotea.

Mumoja wetu alipimwa mapema kule Johannesburg. Walimupiga sindano ya teknesiumu-99m, yenye ilibebwa na vipande vidogo sana vya protini mpaka mapafuni. Akavuta tena hewa yenye dawa. Kamera inaonyesha: mahali hewa inafika lakini damu haifiki, minganga wanajua kuna bonge.

Alipotuelezea, wengi tulishituka: hii si sawa na uraniumu ya Shinkolobwe? Jina hilo tunalijua. Mawe yake yalienda Marekani kutengeneza bomu la 1945. Hapana, wandugu. Dawa hii ni kidogo sana, na nguvu yake inapunguka nusu kila masaa 6. Kisha siku moja, inabakia sehemu moja tu kati ya 16. Alirudi nyumbani siku ileile.

Lakini masaa hayo 6 ni shida yetu pia: dawa haiwekwi depo. Inatoka katika molibdenumu, yenye inapunguka nusu kila masaa 66, na Afrika ya Kusini wanaitengeneza kwao, Pelindaba. Kununua kamera peke yake hakutoshi.

Basi hatuombi kamera. Tunaomba sanduku letu liwe na feza ya transporti, tayari usiku na muchana. Mwenye muguu mumoja umevimba, ao mwenye kukosa pumzi gafula, zaidi kisha safari, operesheni ao kuzaa, asingojee mukutano: apelekwe kwa munganga saa ileile. Munganga anaweza kuanzisha dawa ya kuzuia damu kuganda hata mbele ya picha.

Na wenye wangali njiani, muwaambie: bisi ikisimama, shukeni mutembee.