Sare Isiwe Ngao ya Mdhalimu

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Tulipodai vyama vingi, hata kifungu cha 2A kikafutwa Desemba 1991, hatukudai masanduku ya kura peke yake. Tulidai pia kwamba mwenye bunduki awe chini ya sheria. Leo twauliza: je, dai hilo limemfikia mtu aliyenajisiwa na mwenye sare?

Likoni inalijua swali hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kilishambuliwa, askari wakauawa na bunduki zikaporwa. Maelfu ya watu walikimbilia Kanisa Katoliki la Likoni. Katika misako ya vikosi vya usalama iliyofuata, kulitolewa madai ya mateso na ya wanawake kunajisiwa. Aliyedhulumiwa na mvamizi aliambiwa aende kwa askari. Aliyedhulumiwa na askari aende kwa nani?

Swali hilo linamhusu jirani wa kambi. Linamhusu pia askari mwanamke aliye ndani ya kambi, ambaye pengine mkubwa wake wa kazi ndiye mdhalimu wake. Wanaume nao hutendewa hivyo, nao hunyamaza zaidi.

Jibu letu ni hili: aanzie hospitalini. Asingoje barua ya polisi wala ruhusa ya mkubwa wake. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ndiyo bora. Dawa ya kuzuia mimba hufaa hadi saa 120. Akiweza, asioge kabla ya kupimwa; nguo alizovaa zisifuliwe, bali zitiwe katika mfuko wa karatasi. Aliyekwisha kuoga aende vivyo hivyo, kwani matibabu bado ni haki yake.

Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani, ina kituo cha kuwahudumia manusura. Wa Kisauni atavuka Daraja la Nyali, wa Changamwe atapita Makupa. Wa Likoni asiyeweza kuingoja feri aanzie hospitali ya Likoni. Daktari ajaze fomu ya matibabu ya aliyebakwa, naye manusura aombe nakala na kuiweka mahali salama. Fomu ya P3 ya polisi itafuata atakapokuwa tayari kushtaki. Kesi yaweza kungoja, dawa haiwezi.

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006 haikumwachilia askari yeyote. Adhabu ya ubakaji ni kifungo kisichopungua miaka 10. Mshukiwa akiwa polisi, malalamiko yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Akiwa mwanajeshi, yapelekwe polisi na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

Asiseme mtu kwamba serikali haishtakiki. Mwaka 2013 wanawake sita na wanaume wawili, walionajisiwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, waliishtaki. Baadhi yao walidhulumiwa na maafisa wa usalama. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu iliwapa wanne kati yao fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Ilichukua miaka saba. Katika safari ndefu kama hiyo, karatasi ya daktari hukumbuka yale ambayo watu wamekwisha kuyasahau.

Sasa twageukia kanisa. Katika 2 Samweli 13, Tamari alipotendewa jeuri, nduguye Absalomu alimwambia anyamaze. Mfalme Daudi, baba yake na mkuu wa majeshi, alikasirika sana, wala hatusomi kwamba alitenda neno lolote. Tusiwe Absalomu, tusiwe Daudi. Kila kanisa lichague watu wawili waaminifu, mmoja wao awe mama, wenye nauli mkononi na ulimi uliofungwa. Wamsindikize manusura, wamsikilize bila kumhoji, na jina lake lisitajwe hata katika maombi ya hadhara. Uamuzi wa kushtaki ni wake, wala si wetu.

Mageuzi yasiyomlinda huyu bado hayajakamilika. Mungu awabariki.