Anayemtuma Kijana Kupiga, Naye Ahukumiwe



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya vita vya vijana mchezoni, na juu ya adhabu. Swali ni moja tu. Vijana wakipigana uwanjani, nani ahukumiwe? Ni yule aliyerusha ngumi peke yake, au pia mtu mzima aliyesimama pembeni, aliyemtuma, aliyemchochea, au aliyetazama akanyamaza?

Mnajua kwa nini swali hili linatugusa. Mahali ambapo watu wamehamia kwa sababu ya vita, uwanja wa mpira mara nyingi ndio mahali pa kwanza ambapo watoto wa wenyeji na watoto wa waliohama wanakutana. Urafiki unaanzia hapo. Lakini hapo hapo, mtoto mmoja akivunjwa mguu, jioni maneno yanabadilika. Watu hawasemi tena, "Fulani amemwumiza fulani." Wanasema, "Wale wametuumiza sisi." Na kutoka "wale" na "sisi", njia ya kufika kwenye panga si ndefu.

Basi leo tutachukua mfano wa mbali, ili mtu yeyote asidhani kwamba tunamsema jirani yake. Mfano huo unatoka katika nchi ya Kanada.

Kanada ni nchi ya baridi kali, ambako mito na maziwa huganda. Mchezo unaopendwa huko kuliko yote ni hoki ya juu ya barafu. Kila timu inaweka watu 6 uwanjani pamoja na kipa. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanateleza kwa mbio kubwa, na kila mmoja ana gongo mkononi. Hawachezi na mpira wa mviringo, bali na kisahani kigumu cha raba. Kugongana mwili kunaruhusiwa. Na kwa miaka mingi hata kupigana ngumi kulihesabiwa kuwa desturi ya mchezo: aliyepigana alikaa dakika 5 kwenye kiti cha adhabu, kisha akarudi kucheza. Watazamaji walishangilia. Nao vijana wa miaka 16 hadi 20, wanaocheza katika ligi za vijana, walijifunza kwamba ngumi ni njia ya kupata sifa.

Sikilizeni sasa yaliyotokea tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka 1987. Vijana wa Kanada walikuwa wakicheza na vijana wa Umoja wa Kisovyeti katika mji wa Piešťany, ambao siku hizo ulikuwa katika nchi ya Chekoslovakia. Yalikuwa mashindano ya dunia ya vijana wasiozidi miaka 20. Kanada iliongoza kwa mabao 4 kwa 2, na ilikuwa na tumaini la medali ya dhahabu. Katika kipindi cha pili, wachezaji walianza kupigana. Mchezaji mmoja wa Kisovyeti akaondoka kwenye benchi kuingia vitani, wenzake wakamfuata, na Wakanada waliokuwa benchini nao wakaingia. Waamuzi walishindwa, wakaondoka uwanjani. Wakubwa wa mashindano wakazima taa zote, wakidhani giza litawatenganisha. Vijana waliendelea kupigana gizani.

Ndugu msikilizaji, angalia uamuzi uliotolewa. Chama cha hoki cha dunia kilifukuza timu zote mbili katika mashindano. Wakanada walilalamika kwamba wale wengine ndio walioondoka benchini kwanza. Ni kweli, walitangulia. Lakini aliyefuata naye alikuwa na miguu yake mwenyewe. Kanada ikakosa medali ambayo ilikuwa karibu kuishika mkononi.

Tena wachezaji walifungiwa miezi 18 wasicheze mashindano ya kimataifa. Na walimu wa timu? Wao walifungiwa miaka 3. Mtu mzima alipewa adhabu mara mbili ya ile ya kijana. Chama kilisema kwa adhabu hiyo kwamba mwenye timu ndiye mwenye kuizuia.

Baadaye wachezaji walikata rufani, na adhabu yao ikapunguzwa hadi miezi 6. Kwa hiyo baadhi yao waliweza kurudi mwaka uliofuata. Mmoja wao, Theoren Fleury, alikuwa nahodha wa Kanada katika mashindano ya mwaka 1988 yaliyofanyika Moscow, na timu yake ikachukua medali ya dhahabu huko huko kwa wale waliopigana nao. Adhabu yake ilikuwa na mwisho, na mlango wa kurudi haukufungwa.

Mfano wa pili ni wa mwezi wa tatu mwaka 2008, katika ligi ya vijana ya jimbo la Quebec, ambako watu wengi wanasema Kifaransa. Timu ya mji wa Quebec ilikuwa ikishindwa vibaya na timu ya Chicoutimi. Vita vikaanza. Kipa wa Quebec, kijana Jonathan Roy, alivuka uwanja mzima, akaenda kumpiga ngumi kipa wa upande wa pili, ambaye hakujitetea. Mwalimu wa timu ya Quebec alikuwa baba yake mzazi, Patrick Roy, kipa aliyepata sifa kubwa sana katika hoki. Kwenye picha za televisheni watu waliona mkono wa baba ukitoa ishara kabla mtoto hajaondoka. Baba alikana kwamba alimtuma.

Ligi haikumhukumu mtoto peke yake. Mtoto alifungiwa michezo 7, na baba michezo 5. Wengi waliona kwamba adhabu hizo ni ndogo. Na jambo halikuishia kwenye ligi. Kijana alipelekwa mbele ya mahakama, na mwaka 2009 akakiri kosa la kumshambulia mwenzake. Mahakama ilimwachilia bila kumwandikia hatia, lakini neno lilikwisha kusikika: uwanja si nchi nyingine isiyo na sheria.

Mwaka huo huo wa 2008, mwezi wa 12, katika jimbo la Ontario, kijana wa miaka 21 aliyecheza ligi ya watu wazima alipigana, kofia yake ya kinga ikatoka, akaanguka na kugonga kichwa kwenye barafu. Alikufa mwanzoni mwa mwaka 2009. Hakuna aliyekusudia kumwua. Ilikuwa ngumi ya kawaida, ile ambayo watu walizoea kuishangilia.

Baada ya mambo kama hayo sheria zilikazwa pole pole. Mwaka 2012 ligi ya vijana ya Ontario iliamua kwamba mchezaji atakayepita mapigano 10 katika msimu mmoja atafungiwa michezo kwa kila pigano la ziada. Mwaka 2016 hesabu hiyo ilishushwa hadi 3. Mwaka 2023 ligi ya vijana ya Quebec ilikata kabisa: anayepigana anatolewa katika mchezo. Walioitwa wajinga kwa kusema kwamba hoki inaweza kuchezwa bila ngumi, leo wanasikilizwa.

Huenda mtu atasema, "Ndugu, sisi tunalala chini ya turubai, na wewe unatuletea habari za barafu." Nakubali kwamba barafu si yetu. Lakini mkono unaomtuma mtoto kupiga tunaujua. Kijana anayejifunza kwamba ishara ya mkubwa inamwondolea hatia, leo atapiga teke uwanjani kwa ishara hiyo. Kesho atakuja mkubwa mwingine na ishara nyingine, na mkononi atamwekea bunduki. Somo litakuwa lile lile, naye atakuwa amekwisha kulijifunza kwetu.

Kwa hiyo, mashefu, wazee na kamati, tunawashauri mambo matano. Hakuna hata moja linalohitaji feza.

Jambo la kwanza: sheria isemwe kabla mpira haujapigwa. Isomwe mbele ya timu zote mbili, wazazi wakisikia, katika lugha ambayo kila mmoja anaelewa. Adhabu inayotungwa baada ya kosa watu wataiita kisasi, hata kama ni ya haki.

Jambo la pili: sheria iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Shefu anayemfungia mtoto wa kambi michezo mitano, na mtoto wa mji wake akampa mmoja, amepanda ugomvi wa miaka. Na mwamuzi awe mtu ambaye pande zote mbili zimemkubali mapema.

Jambo la tatu: mtu mzima ajibu kwanza. Mwalimu wa timu akipiga kelele "mvunje", aondolewe. Mzazi akiingia uwanjani na fimbo, aitwe barazani. Mwalimu ambaye vijana wake wanapigana kila siku, hata kama hakusema neno, aulizwe: wewe unawafundisha nini?

Jambo la nne: aliyeumizwa asisahauliwe. Mara nyingi tunashughulika na mkosaji hata tunasahau mtoto aliyelala nyumbani na uvimbe. Aliyeumiza aende kwake pamoja na mzazi wake na mwalimu wake, aombe msamaha, na wasaidiane juu ya dawa.

Jambo la tano, na hili msikieni sana: msimfukuze kijana moja kwa moja. Wekeni siku ya adhabu kuisha, na mwacheni aseme neno lake mbele ya wazee. Wakati wa adhabu asicheze, lakini aje uwanjani. Achore mistari, ateke maji, ashike bendera ya pembeni. Mahali ambapo shule imefungwa na shamba limebaki nyuma, mpira huenda ndio kitu pekee kinachomfunga kijana na watu wake. Kijana aliyefukuzwa kabisa hapotei; kuna mtu atakayemwokota. Na ninyi mnawajua wanaozunguka wakiokota vijana.

Nanyi vijana, neno moja. Mkubwa akikuonyesha mtu wa kupiga, mwangalie yeye kwanza. Je, ataingia nawe uwanjani? Je, atalala nawe hospitalini? Kule Quebec ishara ya mkono, kama ilikuwako, ilichukua nukta moja, na aliyesimama mbele ya mahakama alikuwa kijana. Kukataa kutumwa vibaya si kumkosea heshima mkubwa wako.

Akina mama, ninyi ndio mnaosikia wa kwanza jioni maneno yakianza kugeuka kuwa "wale" na "sisi". Yarudisheni kwenye majina. Ulizeni: nani alipiga? Nani alimtuma? Mwalimu alikuwa wapi? Kosa likiwa na jina linaweza kuhukumiwa na kuisha. Likipewa kabila au kambi, haliishi.

Kabla ya mchezo unaokuja mahali penu, shefu, mwalimu wa timu na mzazi mmoja kutoka kila upande wakae pamoja muda mfupi, wakubaliane sheria hizo tano. Kisha vijana wacheze.