NCHI JIRANI: VITABU, WALIMU NA USHAHIDI WA UTAFITI NCHINI KENYA



Serikali inapokusudia kuinua elimu, jambo la kwanza kukumbukwa ni vitabu. Mtoto asiye na kitabu atasomaje? Wengi huliona swali hilo kuwa limekwisha kujijibu. Lakini nchini Kenya lilifanyiwa utafiti, na jibu lake likawashangaza wengi.

Mwaka 1996, katika wilaya za Busia na Teso, magharibi ya Kenya, shule 25 kati ya 100 zilichaguliwa pasipo upendeleo, zikapewa vitabu vya kiada. Mitihani ilipolinganishwa, wastani wa alama haukupanda. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa hodari tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambayo kwa wengi wa watoto hao ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Kitabu kilifika mkononi. Maana yake haikufika kichwani.

Funzo la pili ni zito zaidi. Utafiti mwingine wa magharibi ya Kenya ulikwisha onyesha kwamba walimu wa mkataba waliinua alama za wanafunzi. Serikali ikaamua kuajiri walimu 18,000 wa aina hiyo. Kuanzia mwaka 2010, watafiti walifuatilia shule 192 katika mikoa yote 8 ya wakati huo. Mahali ambapo mpango uliendeshwa na shirika lisilo la kiserikali, alama zilipanda. Mahali ambapo uliendeshwa na Wizara, hazikupanda. Upande wa Wizara mishahara ilichelewa zaidi na ukaguzi ulilegea, huku chama cha walimu kikivutana na Serikali juu ya ajira ya kudumu.

Kwa hiyo, kiongozi anayeletewa matokeo ya utafiti hana budi kuuliza: Ulifanyika wapi? Wanafunzi walilinganishwa na nani? Nani aliuendesha mpango, na je, ndiye atakayeuendesha kesho katika nchi nzima?

Sisi tulio jirani tusingoje gharama zetu wenyewe zitufundishe yaliyokwisha onekana ng'ambo ya mpaka. Mpango usiopimwa hula fedha za taifa, na fedha hutafutwa tena. Lakini hula pia miaka ya mtoto darasani, na hiyo hairudi.