Vichwa vyote vinaanza na mpira mmoja

(Maneno aliyoyasema kijana mmoja, mwanafunzi wa kuchonga kwa kompyuta, mbele ya vikundi vya vijana wanaojenga amani, Bukavu.)

  Mjue kwanza kwamba mimi si fundi. Nina miezi saba tu tangu nianze kujifunza kuchonga watu kwa kompyuta. Sikuja kufundisha. Nimekuja kuwaeleza kosa nililofanya, na namna lilivyonifungua macho.

Programu ninayoitumia inaitwa Blender. Ni ya bure. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100.000 ili iwe mali ya wote, na tangu hapo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na hata kuirekebisha. Sehemu ya kuchonga iliongezwa mwaka 2007. Msidhani ni mchezo wa watoto. Filamu ya Flow, iliyotoka nchi ya Latvia, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo, na mwaka 2025 ilipata tuzo ya Oscar. Ndani yake kuna paka, mbwa na wanyama wengine wasiofanana, na mafuriko yanawalazimisha kukaa katika mashua moja. Hakuna anayesema neno, lakini sisi wa Kivu tunaielewa.

Ukitaka kuchonga kichwa, unaanza na mpira. Ni kama bonge la udongo, ila liko ndani ya kioo cha kompyuta. Unachagua brashi. Moja inavuta, nyingine inaongeza udongo, nyingine inalainisha, nyingine inachimba mstari. Ukivuta mbele, pua inatokea. Ukisukuma ndani, unapata mashimo ya macho. Unachokifanya upande wa kushoto, kompyuta inaweza kukifanya yenyewe upande wa kulia.

Sisi wanaoanza tuna ugonjwa mmoja: haraka. Siku ya kwanza nilitaka kope, mikunjo na nywele. Mpira ule umefunikwa kwa vipande vidogo, na kila ukivigawanya, vinakuwa mara nne. Niligawa, nikagawa tena, mpaka mashine yangu ya zamani ikakwama. Kisha umeme ukakatika, na sikuwa nimehifadhi kazi. Hata uso wenyewe haukuwa uso. Ulikuwa na mabonde kama barabara wakati wa mvua.

Polepole nilijifunza kuanza na mambo makubwa: fuvu, taya, shingo. Nilijifunza pia vipimo. Wengi wetu tukichora mtu tunaweka macho juu, karibu na nywele. Sivyo. Macho yako karibu katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu. Upana wa kichwa unakaribia macho matano. Nilipima nyumbani, nikatazama watu sokoni na kanisani. Kutoka mtu mmoja hadi mwingine tofauti ilikuwa ndogo sana, na sikuona kabila lenye vipimo vyake peke yake.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Kikundi chetu kilitaka kutengeneza filamu fupi ya katuni juu ya vijiji viwili vinavyogombania chemchemi ya maji. Nilipewa kazi ya kuchonga watu wawili: mzee mpatanishi na mtu mchochezi. Mzee alitoka vizuri. Alifanana na wajomba zangu. Kisha nikaanza mchochezi. Nikashika brashi ya kuvuta, nikavuta pua, nikabana mashavu. Sikufikiri hata kidogo. Mkono ulienda wenyewe.

Mnanielewa. Katika jimbo letu watu wamesimamishwa kwenye vizuizi wakatazamwa pua, na wengine hawakurudi nyumbani.

Nilipoonyesha kazi yangu, wengine walicheka. Dada mmoja hakucheka. Aliniuliza: «Huyu ana pua ya baba yangu. Baba yangu alifanya nini?» Nilimjibu kwamba ni katuni tu. Alichukua daftari lake akaondoka, na kwa majuma matatu hakuja.

Jibu lile lilikuwa baya kuliko pua yenyewe. Katuni si kitu kidogo. Jirani zetu wa Rwanda wanajua. Kuanzia mwaka 1990 gazeti la Kangura lilieneza chuki kwa maandishi na kwa michoro, watu wakasoma na kucheka. Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha ilimhukumu mhariri wa gazeti hilo, pamoja na wakubwa wawili wa redio ya RTLM.

Lakini hapa kwetu kuna mafundisho mengine pia. Walega wa Mwenga, Shabunda na Pangi walichonga sanamu za mbao na pembe kwa ajili ya chama cha bwami. Kila sanamu ilikuwa na fundisho lake juu ya mwenendo mwema. Moja inaitwa Sakimatwematwe. Ina nyuso nyingi zinazotazama kila upande, kwa sababu mwenye hekima hatazami upande mmoja tu. Mimi niliyejivunia kompyuta nilikuwa nimetazama upande mmoja.

Nilikwenda kwa yule dada kuomba radhi. Baba yake alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Kama unajifunza nyuso, keti, utazame wangu vizuri.» Nilikaa karibu saa mbili na daftari la kuchorea. Niliona kovu la zamani, macho yenye uchovu, tabasamu linaloanzia upande mmoja. Pua ilikuwa pua tu.

Uso ule ndio sasa wa mlinzi wa chemchemi katika filamu yetu. Mchochezi nilimfuta, nikaanza tena na kichwa kilekile nilichomtumia mzee mpatanishi. Ubaya wake hauko usoni tena. Uko katika maneno anayonong'ona na fedha anazogawa usiku. Dada yule amerudi, na ndiye anayekagua kila uso kabla hatujaendelea. Filamu haijaisha. Mashine bado inakwama, umeme bado unakatika. Sasa ninahifadhi kazi kila baada ya dakika kumi.

Vijana wenzangu mnaotaka kuanza, msiogope. Anzeni na umbo kubwa, msikimbilie nywele. Tazameni watu halisi, na muombe ruhusa kabla ya kuwachonga. Mkimaliza uso wa mtu mbaya, muulizeni mtu wa kabila lingine anamwona nani pale.

Ninawaachia maswali mawili ya kujadili katika vikundi vyenu. Tunaposema «adui», ni uso wa nani unaotujia kichwani? Na nani aliuchonga humo?