Kipunji Alikuwa Hadithini: Masimulizi, Ngonjera na Mazingira katika Madarasa ya Mbeya na Iringa



Kabla ya mwaka 2003 kima aitwaye kipunji hakuwamo katika kitabu chochote cha sayansi. Alikuwamo katika mazungumzo ya wawindaji wa Kinyakyusa wanaoishi kando ya msitu wa Mlima Rungwe. Na kwa kuwa masimulizi ya huko yana viumbe wengi wa msituni, wengine wa nyama na damu, wengine wa mizimu, mgeni hakuweza kujua huyu ni wa kundi lipi. Watafiti wa shirika la uhifadhi wa wanyamapori, WCS, wakiongozwa na Tim Davenport hawakuyapuuza maneno hayo. Waliingia msituni kumtafuta, na mwaka huohuo wakamwona: manyoya marefu ya kahawia, kishungi kimesimama utosini, mlio usiofanana na wa kima mwingine yeyote. Mwaka 2004 watafiti wengine, wasio na habari za wenzao, wakamkuta Ndundulu, katika milima ya Udzungwa upande wa Iringa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kwa kima wa Afrika, jambo hilo lilikuwa halijatokea kwa miaka 83.

Nimemtanguliza kipunji kwa sababu alipatikana kwa kusikiliza simulizi, ilhali sisi darasani tunalipenda mno swali moja: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mkono unanyooka, mtoto anajibu kwamba inatufundisha tusiwe wachoyo kama fisi, tunampigia makofi, kipindi kimekwisha. Fisi mwenyewe hakuna aliyemtazama. Hoja yangu ni kwamba katika somo la mazingira swali hilo lisubiri. Tuulize kwanza: aliyeitunga hadithi hii aliona nini? Simulizi linaposema fisi hula hadi mifupa, aliyelianzisha huenda alikiona kinyesi cha fisi, ambacho kikikauka huwa cheupe kama chokaa kwa sababu ya mifupa hiyo. Watoto wa Idodi na Pawaga, jirani na Hifadhi ya Ruaha, wanaweza kutueleza hilo kuliko kitabu cha kiada.

Ziwa Ngosi nalo, juu katika milima ya Poroto, lina nyoka wake wa hadithini na hazina ya Mjerumani inayosemekana ameilalia. Mwalimu mwenye haraka hutangulia kusema hakuna nyoka. Anapata faida gani? Mwacheni nyoka, kisha ulizeni: mbona hakuna mto unaoonekana kutoka ziwani, na kingo zake zimesimama hivi pande zote? Hapo darasa litafika lenyewe kwenye volkano, na kila mtoto atataka kujua kama bado ina moto.

Najua wapo wazazi watakaolalamika kwamba tunarudisha matambiko shuleni, hasa tukigusa misitu kama ule wa Lubaga, alikotambikiwa Lwembe, shujaa wa kale, ambao mwanaanthropolojia Monica Wilson aliuandika habari zake baada ya kukaa na Wanyakyusa miaka ya 1930. Malalamiko hayo tusiyadharau. Kumweleza mtoto kwa nini babu zake hawakukata miti mahali fulani ni historia. Kumtaka aogope mahali hapo ni jambo lingine, na si kazi ya mwalimu.

Tena si kila simulizi ni rafiki wa viumbe. Bundi anatua juu ya paa, watu wanasema kuna msiba unakuja, asubuhi anapigwa mawe. Huyo ni mlinzi wa ghala la mahindi, maana chakula chake kikubwa ni panya. Kumhubiria mtoto kwamba hiyo ni imani potofu hakusaidii. Jioni atarudi nyumbani na bibi atamshinda mwalimu kwa kusimulia. Mimi ningempeleka chini ya mti anapolala bundi, tukaokota madonge anayoyatapika, tukayafumua kwa kijiti na kuhesabu mafuvu ya panya. Wakishakuwa na hesabu yao, watunge hadithi ya bundi waipeleke kwa bibi.

Upande wa ushairi, ninaitetea ngonjera. Mshairi Mathias Mnyampala aliikuza, ikatumika kulieneza Azimio la Arusha, na leo shuleni kwetu imebaki kumsifu mgeni rasmi huku jua likiwachoma watoto. Ni hasara, maana ngonjera imeumbwa kwa ajili ya kubishana. Kipunji aanze:

Teremsha shoka lako, mkulima sikiliza,
Maji unywayo ni yangu, chanzoni ninayatunza.

Hadi hapa ni ngonjera ya kawaida, ya kupigiwa makofi. Kazi ni beti za mkulima. Mashamba yanayopakana na msitu wa Rungwe huvamiwa na kima, kipunji akiwamo, na mahindi yanayoliwa ndiyo ada na sare za watoto haohao wanaotunga. Kwa hiyo mkulima asipewe maneno dhaifu ili ashindwe upesi. Kundi linalomwakilisha liende likawaulize wazazi wanalindaje mashamba, kwa mbwa au kwa mitego, na wanapoteza magunia mangapi, kisha litunge kutokana na majibu hayo. Mwalimu asahihishe vina na mizani. Nani ameshinda, waamue wanafunzi wa madarasa mengine, na ikiwezekana wazazi wenyewe wawepo siku hiyo.