Usiseme Huna Kitu

Somo: 2 Wafalme 4:1-7



Leo tunataka kusema juu ya ugonjwa mmoja ambao daktari hawezi kuuona kwa mashine. Ni ugonjwa wa mtu kujidharau. Mama anakuja kuombewa, na neno la kwanza kinywani mwake ni hili: "Mchungaji, mimi sina kitu." Kijana amemaliza shule, anakaa nyumbani mwaka wa pili, ukimuuliza habari anakujibu kwamba hana mtaji, hana mtu wa kumsaidia, hana bahati. Neno hili "sina" tumelizoea hata limekuwa kama salamu. Na sisi wahubiri mara nyingi tumelijibu vibaya. Tutaungama jambo hilo mbele yenu kabla hatujamaliza.

Tusome pamoja habari ya mjane mmoja. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu. Akafa, akaacha deni. Mwenye kudai akaja, na kwa kuwa hakukuta mali ya kuchukua, alitaka kuchukua wana wawili wa yule mama wawe watumwa wake. Mama akamlilia nabii Elisha. Elisha akamuuliza ana nini nyumbani. Mama akajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa moja ya mafuta.

Jambo la kwanza tulitazame vizuri: deni liliingia katika nyumba ya mtumishi wa Mungu. Marehemu hakuwa mlevi wala mwizi, na nabii hakumwambia mjane, "Mama, kuna dhambi gani nyumbani kwako?" Tunalisema hili kwa sababu wako kati yetu watu waliopoteza kila kitu, kisha wakaja kanisani wakakuta tunawatazama kama watu wenye laana. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe na mito mingine ikajaa, ikaua watu wengi na kubomoa maelfu ya nyumba mjini kwetu. Je, maji yale yalichagua nyumba za wapagani? Yalibeba hata nyumba za waimbaji na mashemasi. Kwa hiyo, wewe uliyeanguka katika biashara, usianze kujihukumu. Umasikini wako si ushahidi kwamba Mungu amekukataa.

Jambo la pili ni lile neno dogo alilosema mama: "isipokuwa". Alianza kwa kusema hana kitu. Kama angeishia hapo, sijui habari yake ingeandikwa namna gani. Lakini swali la nabii lilimlazimisha kuzunguka nyumba yake kwa mawazo, chumba kwa chumba, mpaka akakumbuka ile chupa. Alikuwa ameizoea hata hakuihesabu kama kitu. Elisha hakuleta mafuta mengine kutoka mbali. Mungu alianzia kwenye kile mama alichokidharau.

Wapendwa, kujiamini kwa Mkristo kunaanzia hapo. Si kujidanganya kwamba una kila kitu, na si kusema uongo kwamba huna chochote. Ni kutazama nyumba yako kwa ukweli na kumwambia Mungu: "Sina vingi, isipokuwa hiki."

Baada ya maji yale ya 2020, tulimtembelea mama mmoja wa kanisa letu. Alikuwa anauza mawese sokoni. Nyumba ilikwenda, bidoni zilikwenda, hata sufuria zilikwenda. Tulimkuta amelala na watoto katika chumba cha darasa pamoja na familia nyingine. Akatuambia, "Mchungaji, sina kitu." Tulisoma naye habari hii, kisha tukamuuliza swali la Elisha. Alikasirika kidogo. Akasema, "Nyumbani gani, Mchungaji? Nyumba iko katika ziwa." Tukanyamaza, kwa sababu alisema kweli. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akasema taratibu, "Isipokuwa wateja wangu wananijua. Na yule baba anayeleta mafuta kutoka Fizi, tangu nianze kufanya kazi naye sijamdanganya hata siku moja."

Hiyo ndiyo ilikuwa chupa yake ya mafuta! Maji yalibeba bidoni, lakini hayakuweza kubeba jina lake jema. Alikwenda kwa yule baba, akapewa bidoni mbili, alipe akishauza. Hatuwadanganyi kwamba leo ana nyumba ya ghorofa. Anapanga vyumba viwili, watoto wanasoma, na deni la zile bidoni mbili lilikwisha zamani.

Jambo la tatu: Elisha alimtuma kuomba vyombo vitupu kwa majirani, tena si vichache. Hebu fikirini aibu ya mama huyu. Mtaa mzima unajua anadaiwa. Sasa anapita mlango kwa mlango kuomba vyombo, na mtu akimuuliza anataka kuweka nini ndani, hana la kujibu. Lakini alikwenda. Hapa ndipo tunaona imani yake, kabla ya muujiza kutokea. Kujiamini si kifua mbele na maneno makubwa. Ni kubisha mlango wa jirani huku moyo unadunda.

Vijana, hili ni lenu. Unaogopa kumwomba fundi akufundishe kushona au kutengeneza pikipiki, kwa sababu rafiki zako uliosoma nao watakucheka. Hata sisi tunaosema nanyi tuliijua hofu hiyo. Tulipofika chuo cha Biblia tukitoka kijijini, wenzetu walizungumza Kifaransa kama maji ya mto, na sisi tulikaa nyuma, tukijua jibu lakini tukiogopa kufungua kinywa. Hakuna aliyetukataza kusema. Tulijikataza wenyewe. Ni kama wale wapelelezi kumi katika Hesabu sura ya 13: majitu ya Kanaani hayakuwaita panzi, wao wenyewe ndio waliojiona panzi. Siku tuliyothubutu kujibu kwa Kifaransa cha kuvunjika, darasa lilicheka kidogo, mwalimu akasema jibu ni sahihi, na maisha yakaendelea.

Jambo la nne: mama alifunga mlango, yeye na wanawe, akamimina. Watoto walileta vyombo, mama akajaza. Mungu alitoa mafuta, lakini mikono iliyoinua chupa ilikuwa ya mama. Ilikuwa kazi ya kujirudia, chombo baada ya chombo, bila mtu wa kupiga makofi. Wavuvi wetu wa Kalundu wanaelewa. Siku za mbalamwezi taa zao hazivuti ndagala, kwa kuwa ziwa lote lina mwanga. Je, mvuvi huuza mtumbwi wake siku hizo? Hapana. Hukaa ufukweni akishona nyavu, kwa maana anajua giza litarudi na samaki watakuja. Ndugu, kipindi ambacho biashara imelala si kipindi cha kusema "mimi si mfanyabiashara". Ni kipindi cha kushona nyavu.

Tunaye shahidi wa jambo hili karibu nasi kabisa. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, alikuwa bado mdogo alipomsindikiza baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Aliona baba anaomba lakini hatoi dawa, kwa sababu kazi hiyo si yake. Akaazimia kwamba yeye ndiye atakayetoa dawa. Alisomea udaktari Burundi, akaja kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, hapo juu milimani, katika teritware yetu ya Uvira. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ile ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Alipoanza tena Bukavu, alianza na mahema. Mwaka 1998 vita vikarudi, kazi ile ikaharibiwa tena. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikafunguliwa chini ya kanisa la CEPAC. Ulimwengu ulimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, na siku hiyo kila mtu alipiga makofi. Lakini sisi tunataka mkumbuke mahema. Mtu aliyeona Lemera alikuwa na haki ya kusema, "Sina kitu tena." Lakini bado alikuwa na ujuzi mikononi, na alianza na huo.

Jambo la tano, ambalo wengi hatupendi kulisikia: mafuta yalipojaa, mama hakuanza kutumia. Alirudi kwa mtu wa Mungu kuuliza. Elisha akampa mpango wenye utaratibu: kwanza auze, pili alipe deni, tatu yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Wengi wetu tunageuza utaratibu huu. Tunaanza kuishi, kisha tunauza, na mwenye deni tunamkimbia.

Tufanye hesabu ndogo. Mama amenunua ndagala za faranga 50 000. Ameuza zote, amepata faranga 60 000. Jioni anahesabu 60 000, anafurahi, ananunua kitenge. Mama, faida yako siku hiyo ni faranga 10 000, na nauli bado haijatolewa! Ukila ile 50 000, umekula mbegu, na wiki ijayo utarudi kwetu kusema kuna mchawi anayefunga biashara yako. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari. Andika ulichonunua, ulichouza na unachodaiwa. Ukiwa katika likirimba, peleka mchango wako siku yako bila kusukumwa. Mtu anayejua hesabu yake haogopi kuamka asubuhi.

Sasa tuungame kama tulivyoahidi. Miaka iliyopita sisi pia tulihubiri kwa namna nyingine. Tuliwaambia watu wapaze sauti, "Mimi ni tajiri!", na kanisa lilitetemeka. Ndugu mmoja aliamini maneno yetu. Alikopa dola 500 kwa riba, akafungua duka bila kujua bidhaa wala soko, kwa kuwa tulimwambia mwenye imani hapigi hesabu. Duka lilifungwa kabla ya miezi sita. Alipouza kiwanja chake kulipa deni, hakurudi tena kanisani, na aliacha kutusalimia barabarani. Tulikwenda nyumbani kwake kuomba msamaha. Alitusamehe, lakini kiwanja hakikurudi. Tangu siku ile tunaogopa kumpa mtu kelele mahali ambapo nabii alitoa swali. Elisha hakumwambia mjane atangaze kwamba ni tajiri. Alimuuliza ana nini, akampa kazi ya kufanya, akamwonyesha namna ya kumaliza deni.

Kwa hiyo, wapendwa, wiki hii fanyeni mambo matatu. Kaa na watu wa nyumba yako, baba, mama na watoto, mwandike kwenye karatasi kila mlicho nacho: ujuzi, kiwanja kidogo, cherehani, jina jema sokoni, hata saa mbili za jioni zisizo na kazi. Msimwache mtoto nje, kwa maana katika habari hii watoto ndio walioleta vyombo. Kisha chagua mlango mmoja unaoogopa kuubisha, uende kabla ya Jumamosi. Mwisho, kama kuna mtu unayemdai au anayekudai, usimkimbie. Mtafute mzungumze, hata kama leo utalipa kidogo tu.

Na ninyi majirani, msijisahau. Muujiza ule ulihitaji vyombo vya watu wengine. Mjane akibisha kwako, usimuulize maswali ya kumdhihaki. Mpe chombo. Mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha, si pale Mungu alipochoka.

Tuombe. Baba yetu uliye mbinguni, tunakuletea wale wanaosema hawana kitu. Wafungue macho waione chupa waliyoisahau. Mpe nguvu mama anayeamka saa kumi ya usiku kungojea mitumbwi. Mpe kijana wetu moyo wa kuanza chini bila aibu. Tusamehe sisi wachungaji pale tulipowapa watu wako maneno badala ya njia. Walinde wana wa wajane wasichukuliwe kwa sababu ya madeni. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba, amina.

Mungu awabariki. Ukimaliza kusoma karatasi hii, usiiweke mfukoni, mpe jirani.