Mtumiaji wa Unga ni Mgonjwa: Kazi ya Watu wa Maabara

(Haya ni maneno aliyoyasema ofisa elimu ya watu wazima alipozungumza na wahitimu wa kisomo. Tunayachapa ili na wale ambao hawakuhudhuria wayasome.)



 

Nimeombwa nizungumze juu ya dawa za kulevya. Labda mnangoja nianze kuwagombeza wanaozitumia. Sitafanya hivyo. Watu hao wamegombezwa miaka mingi, na unga ungali unauzwa. Leo nataka kuwaeleza habari za watu wanaofanya kazi vyuo vikuu, katika vyumba viitwavyo maabara. Watu hao wanatafuta jibu la swali moja: kwa nini mtu anayetaka kuacha hawezi kuacha?

Swali hilo ni letu pia. Kijana anakwenda mjini kutafuta kazi. Anarudi amekonda, anauza sufuria za mama yake. Leo analia na kuapa kwamba ameacha. Kesho amerudia. Jirani mmoja anasema amerogwa. Mwingine anasema hana haya. Wa tatu anasema afungwe kamba apigwe mpaka akome. Je, nani kati yao anasema kweli?

MAABARA NI NINI?

Maabara ni chumba cha kufanyia majaribio. Humo hamna miujiza. Utakuta meza, majokofu, mizani midogo sana, chupa nyingi na madaftari.

Na watu waliomo si maprofesa peke yao. Yupo mwanafunzi anayejifunza kazi. Yupo fundi wa mitambo. Yupo anayelisha panya na kusafisha vizimba vyao. Yupo anayeosha vyombo. Ni kama jiko la arusi. Mpishi mkuu ndiye anayejulikana, lakini aliyechota maji na aliyechambua mchele nao wamepika. Chupa ikiwa chafu, jaribio limeharibika. Mtunza panya akikosa kuandika panya yupi amepewa dawa na yupi hakupewa, kazi ya miezi mingi imepotea. Hapo ndugu zangu mnaona kwamba hata katika chuo kikuu, kazi husimama juu ya yale yale mliyojifunza kwenye kisomo: kusoma, kuandika na kuhesabu.

MWANAFUNZI ALIYEPATA KUFULI

Unga ninaousema ni heroini. Hutengenezwa kutokana na utomvu wa mmea uitwao mpopi. Utomvu huo huitwa afyuni, na jina lake jingine ni kasumba. Ndiyo, kasumba hiyo hiyo tunayoitaja tukisema "kasumba ya kikoloni". Maana yake ya kwanza ni kileo hicho. Katika utomvu huo hupatikana pia mofini, dawa ambayo waganga wa hospitali hutumia kutuliza maumivu makali.

Mwaka 1970 msichana mmoja wa Marekani, Candace Pert, alianguka kutoka juu ya farasi akaumia mgongo. Hospitali wakampa mofini, na maumivu yakatulia. Akajiuliza: dawa hii inashika wapi mwilini? Baadaye alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, katika maabara ya Profesa Solomon Snyder. Kazi aliyofanya huko ilikuwa kutafuta mahali hapo.

Wataalamu walikuwa wakidhani kwamba ndani ya ubongo kuna vitu kama kufuli, na kwamba mofini ni kama ufunguo. Lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha kufuli lenyewe. Pert alisaga ubongo wa panya, akachanganya na dawa iliyotiwa alama ya mionzi, kisha akachuja na kupima ni kiasi gani kimeganda kwenye ubongo. Miezi ikapita bila mafanikio. Ndipo akabadili dawa. Akatumia naloksoni, dawa inayoingia katika kufuli lile lile lakini hailifungui. Mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 26, akapata jibu. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1973. Mwaka huo huo maabara nyingine mbili, moja ya New York na moja ya Uppsala huko Sweden, zilionyesha jambo hilo hilo.

Basi kufuli limepatikana. Lakini ngojeni kwanza. Mwenyezi Mungu hakumuumba mtu ili anywe kasumba. Kama ubongo una kufuli, je, ufunguo wake halisi uko wapi?

MZEE, KIJANA NA UBONGO WA NGURUWE

Jibu lilitoka Aberdeen, mji wa Uskoti wenye baridi na wavuvi. Hapo alikuwapo mzee Hans Kosterlitz. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1903, akawa daktari. Serikali ya Hitler ilipowafukuza Wayahudi kazini, alikimbilia Uskoti mwaka 1934. Mwaka 1973, akiwa na miaka 70, alistaafu uprofesa. Wengine katika umri huo hukaa barazani. Yeye akaanza kuongoza kitengo kipya cha chuo kikuu, cha kuchunguza dawa zinazomtawala mtu. Wanakisomo, mkiambiwa kwamba elimu haina mwisho, mkumbukeni mzee huyu.

Chombo chao kikubwa kilikuwa kitu cha ajabu: kipande cha utumbo wa simbilisi. Walikining'iniza katika maji ya chumvi yenye vuguvugu, wakakitia umeme kidogo, nacho kikawa kinajikunja na kujikunjua. Wakidondosha mofini, kinapunguza kucheza. Hata hapa kwetu muuguzi atawaambieni kwamba mtu anayepewa mofini hufunga choo. Sababu ni hiyo hiyo: kufuli hizo ziko tumboni pia.

Pamoja na mzee alikuwapo kijana, John Hughes. Yeye alikuwa akienda alfajiri kwa baiskeli mpaka machinjioni kuchukua ubongo wa nguruwe. Aliurudisha maabara katika barafu, akausaga, akauchuja tena na tena, kisha akaujaribu. Mwishowe akapata maji yaliyofanya kazi kama mofini, na ambayo naloksoni iliyazuia. Mwaka 1975 walitangaza kwamba ufunguo umepatikana. Waliuita enkefalini, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kichwani".

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mwili wenyewe hutengeneza dawa yake ya kutuliza maumivu. Huitoa kidogo kidogo, kwa kipimo. Mtu anapovuta au kujidunga heroini, anamimina funguo za kigeni kwa wingi. Mwanzoni anaona raha. Lakini akirudia kila siku, ubongo hujirekebisha kupambana na mafuriko hayo. Sasa kipimo cha jana hakitoshi leo. Na siku akikosa, mwili unageuka: mifupa inauma, pua zinatiririka, tumbo linaharisha, usingizi haupo. Wenyewe huita hali hiyo arosto. Wakati huo mtu hatafuti tena raha. Anatafuta nafuu tu.

Maumivu hayo huisha baada ya siku kadhaa. Lakini hamu haiishi nayo. Ubongo umejifunza, na hausahau upesi. Akiona kijiwe cha zamani au rafiki wa zamani, hamu inawaka upya. Hali hiyo ya kutawaliwa na kitu ndiyo wataalamu wanaiita uraibu. Kwa hiyo anayesema kijana hana haya hajakosea kwamba kijana ametenda vibaya. Amekosea kudhani kwamba haya peke yake itamponya.

SIFA ZA KAZI NI ZA NANI?

Mwaka 1978 tuzo kubwa ya Marekani iitwayo Lasker ilitolewa kwa kazi hiyo. Walipewa Kosterlitz, Hughes na Profesa Snyder. Candace Pert hakupewa. Hakukaa kimya. Aliandika barua ya kulalamika, na watu wakabishana sana. Wengine walisema mkuu wa maabara ndiye mwenye maabara. Wengine walisema aliyefanya kazi kwa mikono yake asisahauliwe, tena mwanamke.

Nalitaja jambo hili kwa sababu hata kwetu lipo. Katika shamba la kikundi, anayesimama kupokea cheti mara nyingi siye aliyepalilia. Tuwe waangalifu.

WATU SITA WA NEW YORK

Sasa, kujua ugonjwa ni jambo moja, kuutibu ni jambo jingine. Kabla hata kufuli halijapatikana, watu wengine walikwisha anza upande wa tiba. Walikuwa katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, mjini New York: Daktari Vincent Dole, Daktari Marie Nyswander aliyekuwa mganga wa magonjwa ya akili, na daktari kijana, Mary Jeanne Kreek.

Mwaka 1964 walianza na wagonjwa wachache, sita tu. Walikuwa watu wazima walioteswa na heroini kwa miaka, waliokwisha kuingia na kutoka gerezani. Kwanza waliwapa mofini. Haikufaa. Wagonjwa walikaa wakisinzia na kungoja sindano nyingine. Ndipo wakawapa methadoni, dawa iliyotengenezwa kwanza Ujerumani. Methadoni huingia katika kufuli zile zile, lakini polepole, na mgonjwa akizoea kipimo chake, humtosha siku nzima. Hunywewa mara moja kwa siku. Haimleweshi mgonjwa aliyepimiwa vizuri, ila humwondolea arosto na hamu.

Wagonjwa wakabadilika. Mmoja alianza kuchora picha. Mwingine akaomba aruhusiwe kumaliza masomo ya sekondari aliyoyaacha. Mnasikia, wanakisomo? Mtu alipopata nafuu, jambo alilolitaka ni shule.

Mwaka 1965 walichapisha habari za wagonjwa 22. Daktari Kreek aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote katika chuo hicho, hadi alipofariki mwaka 2021. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliingiza methadoni katika orodha yake ya dawa muhimu.

Wako wanaosema kwamba huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Swali hilo ni la haki, tusilidharau. Lakini tazameni mwenye kisukari. Huenda akachoma sindano kila siku mpaka mwisho wa maisha yake, wala hatumwiti mlevi wa sindano. Tunamwona analima, analea watoto, tunashukuru. Mgonjwa wa uraibu naye tumpime hivyo: je, ameacha kuiba? Anafanya kazi? Analala nyumbani kwake?

DAWA HIYO IKAFIKA KWETU

Msidhani mambo haya yamebaki ng'ambo. Mwezi Februari mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya kwanza ya methadoni nchini. Baadaye zikafunguliwa Mwananyamala na Temeke, kisha katika mikoa mingine. Mgonjwa hufika, hupimiwa dawa, naye kwa kawaida huinywa pale pale akiangaliwa. Kwa hiyo ubongo wa nguruwe wa Aberdeen, panya wa Baltimore na wale wagonjwa sita wa New York wamemsaidia kijana wa Manzese.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusimpige wala kumfunga kamba mgonjwa wa unga. Kipigo hakibadilishi kufuli. Tumpeleke hospitali, tuulize kliniki ya methadoni iliyo karibu.

Pili, tujue kwamba methadoni ni dawa ya walioathirika na heroini na jamii yake tu. Haitibu ulevi wa gongo wala bangi. Tena mtu asiyeandikiwa na daktari akiinywa, inaweza kumuua. Iwekwe mbali na watoto.

Tatu, mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka msimfungie chumbani akate ghafula. Anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupatwa na degedege, hata kufa. Naye mpelekeni hospitali aache chini ya uangalizi.

Nne, anayerudi kutoka kwenye matibabu apewe kazi na apokewe. Ubongo uliojifunza ubaya hujifunza na wema, ila polepole. Akikaa bure kijiweni, tumemrudisha wenyewe. Darasa letu lina nafasi, na aje.

Na akianguka tena, msiseme "tulijua tu". Mgonjwa wa malaria akiugua tena tunampeleka tena zahanati. Huyu naye tumpeleke tena.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Mofini inafananishwa na nini katika hotuba hii? Ufunguo halisi wa mwili unaitwaje?
2. Kwa nini mtumiaji wa heroini huhitaji kipimo kikubwa zaidi kila siku?
3. Je, ilikuwa haki kutompa Candace Pert tuzo? Toeni sababu za pande zote mbili.
4. Katika kijiji chenu, mtu akirudi kutoka kwenye matibabu, mtampa kazi gani?